Hesabu Iliyokataa Kutulia

Haya niliambiwa na jirani yangu Mukankusi mwaka huu, masika yakielekea kuisha, tukiwa uani kwake tunachambua maharagwe aliyoyatoa soko la Mahoko. Mambo haya yeye aliyapata kwa binti yake, Uwimbabazi, na sehemu ya mwisho aliiona kwa macho yake, kwa sababu iliishia sebuleni kwake. Nayaandika polepole, kama nilivyoyasikia.

Kwanza mumjue Mukankusi. Alirudi kutoka Masisi, kule Congo, na watoto mgongoni, na tangu hapo biashara yake ni maharagwe. Ana sanduku kubwa la mbao la kuyawekea, na ndani ya sanduku kuna ubao wa kuchomeka katikati. Mtu mgeni akimletea maharagwe, hata awe na uso wa malaika, hayamwagwi juu ya yale mengine. Mukankusi anachomeka ubao, ya mgeni yanakaa upande wao peke yao, mpaka aone kama yatatoa wadudu. Akiridhika, anachomoa ubao, yanakuwa maharagwe mamoja. Uwimbabazi alikulia kando ya sanduku hilo.

Sasa binti ana kazi kwenye ofisi moja ya ghorofani, njia ya kwenda Rubona, mahali ambapo ukisimama dirishani unaliona ziwa mpaka linapopotelea kwenye ukungu. Kazi yao ni kulihesabu ziwa. Usicheke. Chini kabisa ya ziwa letu la Kivu gesi imelala, na wenye elimu wanataka kujua: siku ardhi ikitikisika vibaya, gesi ile itaamkia wapi, na itaelekea ufuko upi kwanza, ili watu waambiwe mapema wakimbilie wapi. Ziwa lenyewe huwezi kulitikisa upate kuona. Kwa hiyo wanaunda ziwa la hesabu ndani ya kompyuta, wanalitikisa hilo.

Kompyuta yenye nguvu ya kubeba ziwa zima haipo hapa. Iko nchi za baridi, jumba limejaa vichwa vya mashine, maelfu kwa maelfu, vinagawana ziwa vipande vipande na kuhesabu kwa wakati mmoja, kila kichwa kikimwambia jirani yake kilichopata. Ofisi hupewa zamu ya kuitumia. Zamu ikiisha, imeisha.

Namna mashine hiyo inavyohesabu, Uwimbabazi alimweleza mama yake kwa kitanda.

"Mama, ukitandika shuka, mikunjo midogo unainyoosha na nini?"

"Na vidole. Ungetaka niinyooshe na miguu?"

"Na ule mukunjo mukubwa wenye kutoka kichwani mpaka miguuni?"

"Hapo vidole vitakuchosha bure, unasukuma mukunjo unakimbilia huku. Unashika pembe, mwenzako anashika pembe ingine, munakung'uta."

"Njo vile mashine inafanya."

Mashine inalitazama ziwa kwa nyavu nyingi. Wavu wa matundu madogo unanyoosha makosa madogo, kama vidole. Halafu inashika wavu wa matundu makubwa, inakung'uta makosa makubwa, kama wale walioshika pembe. Inarudi tena kwenye vidole. Kila mzunguko kosa linalobaki linapungua, mpaka shuka linatulia kimya. Na kuna pembe moja ya shuka inayochomekwa chini ya godoro, shuka lisihame lote. Katika ziwa pia wanachagua mahali pamoja, wanasema hapa maji yamesimama kimo hiki, kwingine kote mpime kutokea hapa. Mahali hapo Uwimbabazi alipaweka mbele ya Gisenyi, mji wetu.

Walipojaribu kwa wavu mpana, kwenye mashine yao ya ofisini, hesabu ilitulia vizuri. Wakafurahi, wakapeleka ziwa zima kwenye kompyuta kubwa kwa wavu wa matundu madogo kabisa. Kosa likapungua kidogo, likasimama. Likaanza kupanda. Mwishowe mashine ikatema vitu ambavyo hata si namba. Wakapeleka tena, ikatema tena.

Uwimbabazi hakulala vizuri siku zile, na kichwani mwake kulikuwa na jina moja: Evode.

Evode ni mtu wa Goma, mji wa ng'ambo ya mpaka. Amesoma mambo yaleyale aliyoyasoma Uwimbabazi, na huvuka mpaka kila asubuhi pale Petite Barrière, jeto mfukoni, kile kikaratasi cha kuvukia, katikati ya akina mama wenye beseni za nyanya. Yeye ndiye aliyeleta vipimo vya maji ya upande wa Congo. Bila yeye nusu ya ziwa ni karatasi tupu. Ofisini alikuwa bado mgeni, mchekeshaji, akiingia anasema, "Bonjour, dada, ziwa yetu iliamka namna gani?" Mwanzoni Uwimbabazi alikuwa anacheka.

Aliacha kucheka alipoanza kumtazama. Evode akipigiwa simu alitoka kwenye balkoni na kushusha sauti, mgongo ameupa ofisi. Alikuwa na flash ndogo nyekundu, akiichomeka, akisikia viatu vinakuja anaichomoa. Siku moja Uwimbabazi alikuta kiti chake kina joto, na yeye ndiye alikuwa anarudi kutoka chooni. Tena hesabu iliyokuwa nzuri kwenye mashine ndogo, mbona iliharibika tangu Evode alipopewa ruhusa ya kuingia kwenye ile kubwa?

Mkubwa wa ofisi, Rugema, alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alimwita Uwimbabazi, akafunga mlango.

"Binti yangu, tumebakiwa na zamu moja. Tukiiharibu, ziwa tunalirudisha kabatini, na watu wa ufukweni tutawaambia tulishindwa. Ijumaa asubuhi utaniambia kinachoharibu ni nini. Kama ni mashine, sema mashine. Kama ni mtu, sema mtu, na mtu huyo siku hiyohiyo atakwenda kwao asivuke tena kuja hapa."

Hakutaja jina. Ofisini mtu wa kuvuka alikuwa mmoja tu.

Basi Uwimbabazi akaanza kutega. Aliruhusiwa kutumia kona ndogo ya ile kompyuta kubwa kwa majaribio, kona inayotosha kipande cha ziwa lakini si ziwa zima. Kwanza alishuku vichwa vya mashine: labda vikiwa vingi havisikilizani. Akachukua kipande kilichokataa, akakipa vichwa vichache, kikakataa vilevile, palepale. Akavisamehe vichwa.

Halafu akachagua kipande cha maji ya kwetu tu, karibu na ufuko wa Rwanda. Kikatulia. Akachukua kipande kinachoanzia kwetu na kuingia maji ya Goma. Kikakataa. Akasogeza kusini, akajaribu kingine cha namna hiyo. Kikakataa. Kila alipotia maji ya Evode, shuka lilijikunja.

"Nilikuwa najua," alimwambia mama yake jioni, huku anagonga sahani kwa uma. "Vipimo vyake vimeoza."

"Ulivitenga?" Mukankusi akauliza. "Kama mutu simujui, mi namutengaka kwanza."

"Nilivitenga, mama, siku ya kwanza kabisa. Nikaviangalia vikaonekana vizuri."

"Wadudu hawatoke siku ya kwanza."

Kesho yake Evode aliuliza, "Dada, leo tunapeleka ingine?"

"Leo hapana. Mashine imejaa. Labda kesho."

Uongo. Alikuwa ameshapeleka kabla Evode hajafika, na safari hii alitoa vipimo vyote vya Evode, akaweka vya kubuni, sakafu ya ziwa tambarare kama meza. Kama ubovu ni vipimo, basi leo lazima hesabu itulie.

Haikutulia.

Mtu mwingine hapo angesema: basi siyo Evode. Uwimbabazi mwenyewe alimwambia mama yake kwamba wazo hilo lilikuja, likakaa kidogo, likaondoka. Shaka ikishaingia ndani ya mtu haikosi njia. Akasema, kama siyo vipimo, ni mikono. Ameingia kwenye programu yenyewe akageuza kitu, ndiyo maana hata nikiondoa vyake inaendelea kuharibika. Akakumbuka kiti chenye joto.

Alhamisi, wakati wa chakula, akasema kwa sauti anakwenda kula brosheti, mishikaki ya huku, akachukua mwamvuli wake, akashuka ngazi akiigonga makusudi. Chini akavua viatu. Akapanda tena kimyakimya kama paka wa jikoni.

Evode alikuwa ameketi mbele ya mashine ya Uwimbabazi, flash nyekundu imechomekwa.

"We Evode! Unatafuta nini pale?"

Alitegemea aruke. Evode hakuruka. Alimgeukia taratibu, akaangalia miguu yake isiyo na viatu, akaangalia viatu mkononi.

"Ah. Dada anakuyaka na soksi sasa. Bon, afazali umekuya. Kaa."

"Sikai. Chomoa hicho kitu."

"Nitachomoa. Lakini mi nakuuliza mbele. Juu ya nini gesi ya kwetu haivukake?"

"Unasema nini wewe?"

"Nasema vile nasema. Mutu anavuka, nyanya inavuka, samaki ya sambaza inavuka kwa mayi bila jeto. Lakini kwa hesabu yako, gesi ya Goma inafika pale katikati, inasimama, inarudi. Ni nani aliikatalia? Polisi ya wapi?"

"Hesabu haijawahi kufika mwisho. Utaona wapi gesi ikisimama?"

"Mbele ya kuharibika inatembeaka kidogo. Mi naangaliaka ile kidogo." Akapiga flash kwa kidole. "Njo maana naichukuaka, naenda kuangalia kwa nyumba. Munataka kuandika kama hatari yote iko kwetu, na hapa mukae salama, mupange hoteli zenu. Nilizania ni we."

Uwimbabazi akajikuta ameketi, viatu bado mkononi. Wiki nzima alikuwa anamvizia mtu huyu, kumbe naye anaviziwa.

"Na ile simu ya balkoni?"

"Simu gani?"

"Ile ya kunong'ona."

Evode akatazama dari. "Ile ni maman. Anaulizaka kama nimekula, kama nimevaa tiriko ya baridi. Mi niko mwanaume muzima. Unataka nijibu kwa nguvu, ofisi yote isikie?"

Uwimbabazi alikuwa karibu acheke, lakini alijizuia. Mtu mwongo pia hutaja mama yake. Akamkazia macho.

"Sawa. Umesema unaangalia kwenu. Vipimo vyako ukiviweka peke yake, bila maji ya huku, vinafanyaje?"

"Vinatulia. Muzuri kabisa."

"Haiwezekani."

"Ulijaribu?"

Hakuwa amejaribu. Alijaribu maji ya kwetu peke yake, alijaribu ya kwetu pamoja na ya Evode. Ya Evode peke yake hakuona haja, aliona ameshajua jibu.

"Onyesha," akasema.

Evode akaonyesha. Maji ya Congo peke yake, pembe yao ameichomeka mbele ya Goma, yalishuka mzunguko kwa mzunguko na kutulia, laini, kama shuka la bibi harusi. Uwimbabazi akamtaka arudie mbele yake, safari hii kwa programu yake yeye Uwimbabazi, na akasimama nyuma ya bega lake akitazama kila kidole. Yakatulia tena.

Ya huku yanatulia. Ya kule yanatulia. Yakikutanishwa yanakataa.

"Basi tuangalie penye kuungana," Uwimbabazi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Tumekuwa tunasoma kosa ni kubwa kiasi gani. Hatujauliza limekaa wapi."

Wakapeleka kipande kilekile kibaya, wakaiamuru mashine isimame kabla ya kuharibika, ichore ziwa kwa rangi: buluu pale hesabu ilipotulia, nyekundu pale kosa lilipong'ang'ania. Picha ikatoka. Upande wa kwetu buluu. Upande wa Goma uwekundu hafifu, umetandaa sawasawa kama maji yote yamenyanyuliwa kidogo. Na katikati uzi mwekundu kabisa, mwembamba, unaanzia ufukweni kati ya miji miwili na kuteremka kusini.

"Hii njia unaijua?" Evode akauliza.

Nani wa hapa asiyeijua? Ilikuwa mpaka wa nchi. Lakini mpaka majini hauna ukuta wala kamba, haugusiki, maji hayajui.

Uwimbabazi akaviweka viatu chini. Aliona sanduku la mama yake, na ubao.

Siku ya kwanza kabisa, vipimo vya Evode vilipofika, hakutaka vichanganyike na vyake kabla ya kuvikagua. Kwa hiyo palepale vyake vilipoishia na vya mgeni vilipoanzia, akachora ukanda mwembamba wa ukuta majini, akaiambia kompyuta: hapa kisipite kitu. Kwa muda tu. Akavikagua kwa wavu mpana wa ofisini, na kwenye wavu mpana ukanda ule ulikuwa mwembamba kuliko tundu, ukapotea kama uzi kwenye mkeka. Maji yakapita, pande zote mbili zikapatana, akaridhika. Ukuta hakuuona tena, kwa hiyo hakukumbuka kuuchomoa.

Kwenye kompyuta kubwa matundu yalikuwa madogo. Ukuta ukajitokeza. Hata kwenye sakafu yake ya kubuni alikuwa amebadilisha sakafu tu, ukuta ukabaki umesimama juu yake.

Ndilo lile shuka sasa. Vidole vinapapasa vinakuta limechanwa katikati, ni mashuka mawili. Wale walioshika pembe wako mbali, hawaoni mchano, wanakung'uta kama ni moja. Wanavuta huku, vidole vinarudisha kule, hakuna kutulia. Na pembe iliyochomekwa chini ya godoro ni moja, ya Gisenyi. Nusu ya Goma haikushikwa na chochote, ikawa inaelea tu, kila mzunguko inahama.

Alimweleza Evode yote, macho yake yako kwenye meza. Evode alisikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Donc," akasema mwishowe, "unaniwekea ukuta, halafu unaniita mwizi wa mulango."

Uwimbabazi akaanza kuvaa viatu.

"Kesho utamwambia Rugema nini?"

Akavaa cha pili. Na hili alimwambia mama yake bila kuficha, wakati ule tayari alikuwa amefikiri: nafuta ukuta, nasema mashine ilikuwa na tatizo, hakuna atakayejua. Isipokuwa huyu. Evode akachomoa flash, akaangalia saa ya ukutani, akatoka mbio, maana barrière siku hizi inafungwa jua likiwa bado juu.

Ijumaa Uwimbabazi alifika mapema kuliko wote. Ndivyo alivyodhani. Mlango wa Rugema ulikuwa umefungwa na ndani alisikia sauti ya Evode. Akasimama kwenye korido. Ameniwahi, akasema moyoni. Kabla jua halijapata joto ameshaniuza. Na mimi ningefanya vilevile.

Akaingia bila kugonga.

"Ni mtu," akasema. "Ni mimi."

Rugema akavua miwani. Evode, aliyekuwa amekaa na mfuko wa plastiki mapajani, akashika midomo yake.

"Salamu kwanza," Rugema akasema.

"Shikamoo. Ni mimi niliyeharibu. Chochote alichokueleza ni kweli."

"Hajanieleza kitu. Namuuliza tangu alipoingia, ananijibu ngoja dada aje. Nikamuuliza mfuko una nini, ananijibu ngoja dada aje. Nimechoka kungoja dada. Sema."

Akasema. Ukuta, wavu mpana, pembe moja ya shuka. Akasema pia kwamba alikuwa amejiandaa kutaja jina la Evode, na kwamba alimdanganya na kumvizia bila viatu.

"Uliwekea ukuta vipimo vyake ili uvikague."

"Ndiyo."

"Ukavikagua?"

"Nilivikagua. Vilikuwa vizuri."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Rugema akapangusa miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Nilisema mtu huyo aende kwao asivuke tena. Lakini wewe kwenu ni hapo nyuma ya soko, huvuki hata mfereji."

Evode akacheka puani. Rugema hakucheka.

"Kwa hiyo itakuwa hivi. Evode anabaki. Ukuta unautoa sasa hivi, yeye akiona. Zamu ya mwisho ataibonyeza yeye, siyo wewe. Wewe utakaa pembeni uitazame mikono yake. Najua utaitazama hata nisipokuambia."

Walipotoka, Uwimbabazi aliuliza mfuko ulikuwa na nini.

"Maharagwe ya Masisi. Maman njo alituma. Alisema yule dada mwenye kukuchukia, mupelekee kitu, atapunguza macho."

Ukuta ukatolewa, Evode akiangalia. Evode akabonyeza, Uwimbabazi akiangalia. Lakini kompyuta kubwa ina foleni yake, na zamu yao haikuanza mpaka barrière ilipokwisha kufungwa. Evode akabaki upande huu kama kuku aliyechelewa bandani. Uwimbabazi akamwambia, bila kumtazama sana, kwamba kwao kuna mkeka.

Mukankusi alimpokea mgeni kwa adabu zote, "Karibu, mwanangu, keti, utakunywa chai," na macho yake yakamvua koti, yakampekua mifuko. Habari zake alikuwa amezisikia wiki nzima zikiwa za ubaya, na kuzigeuza kwa dakika moja hakuwezekani. Akachukua mfuko wa maharagwe, akatia mkono, akainusa punje moja.

"Haya ni ya Masisi kweli. Ya upande gani?"

"Ya juu, maman. Kule kwa ngombe."

"Mmh." Alipajua mahali hapo. Aliyaangalia muda, kama mtu anayetazama picha ya zamani. Halafu akafunua sanduku, akachomeka ubao katikati, na kuyamwaga upande wa peke yao.

"Mama!" Uwimbabazi akasema.

"Nini? Yeye simukatae. Maharagwe sijayajua."

Evode akacheka mpaka chai ikampalia. "Muache, dada. Lakini andika pahali kama kuna ubao."

Walikula viazi na sambaza. Katikati ya kula Uwimbabazi alikuwa akiinua simu kila mara, na Evode ananyoosha shingo. Kosa linashuka. Linashuka tena. Lilipofika pale lilipokuwa likisimama siku zote, hakuna aliyetafuna, hata Mukankusi aliyekuwa haelewi alishikilia kiazi hewani. Likapita pale. Likaendelea kushuka.

"Na gesi yenu," Uwimbabazi akasema baadaye, akiisogeza simu katikati ya meza ili waone wote, "tazama. Inavuka."

"Inakuya kwenu," Evode akasema polepole. "Pole."

"Ya huku pia inakwenda kwenu."

Hiyo haikuwa habari njema kwa upande wowote, lakini sasa ilikuwa habari, na ufuko wote ungepelekewa ramani moja.

Walitandika mkeka sebuleni. Uwimbabazi akashika pembe za shuka huku, Evode kule, wakakung'uta mara moja, likatulia. Evode alijilaza, viatu vyake karibu na kichwa, na hakuchukua muda. Uwimbabazi akaenda chumbani, akaweka simu kifuani, akatazama zile namba zikizidi kuwa ndogo mpaka macho yakajifunga yenyewe.

Mukankusi akabaki. Alileta kigoda chake akakiweka kati ya mkeka wa mgeni na sanduku la maharagwe. Alisema moyoni atakaa kidogo tu, asikilize kama huyu kijana anakoroma kwa kweli au anajifanya, maana kuna watu wanajua kukoroma. Evode alikoroma. Mukankusi akasikiliza vizuri, akaona pengine ni kweli. Akafunua sanduku kidogo, akagusa ubao kuona kama umekaza, akagusa na maharagwe ya upande wa pili, yalikuwa makavu na ya baridi, yanateleza vidoleni kama yale aliyokuwa akipanda zamani. Akauacha mkono humohumo. Kichwa kikaegemea kifuniko, na hapo naye akalala.